Acheni Kuwapeleka Wazee Thieta na Njaa

Kuna wiki ambazo hakuna anayezihesabu. Zinaanza siku daktari anapochukua kinyama cha kupima saratani na zinaisha siku mzee anapoingizwa thieta. Kwa mzee wa Ngara au Biharamulo, mkoani Kagera, wiki hizo huwa nyingi: kinyama kisafirishwe, majibu yasubiriwe, rufaa iandikwe, ukoo ukae kikao, mbuzi auzwe, nauli ipatikane, na akifika hospitali ya Bugando, Mwanza, apangiwe tarehe. Muda wote huo anaambiwa neno moja tu: subiri. Basi anasubiri. Anasubiri amelala, anakonda, miguu inalegea, pumzi inakuwa fupi, halafu tunampakia kwenye basi kwenda kupasuliwa. Akifariki siku ya tisa kwa nimonia au kwa mshono ulioachia, tunarudi nyumbani kuwaambia majirani kwamba saratani haina dawa.

Huo ni uongo, na tumeusema misibani mpaka tumeuamini. Wapo kati ya wazee hao ambao kisu kingewaponya kama wangefika mezani wakiwa na nyama mwilini na pumzi kifuani. Saratani ilianza kazi, njaa ikaimalizia, na njaa hiyo tuliisimamia sisi: ndugu, hospitali, halmashauri na makanisa. Naandika hili kwa hasira kwa sababu dawa ya njaa hiyo haiagizwi kutoka ng'ambo. Inalimwa Ngara. Inaanuliwa juani kwenye mialo ya ziwa pale Chato, jirani kabisa na Biharamulo.

Wala si jambo la kubahatisha. Mwaka 1936 daktari mmoja wa Cleveland, Marekani, Hiram Studley, alipitia kumbukumbu za watu waliopasuliwa kwa vidonda vya tumbo. Wale waliokuwa wamepoteza zaidi ya moja ya tano ya uzito wao kabla ya upasuaji, theluthi moja walikufa. Wale ambao hawakuwa wamekonda kiasi hicho, walikufa chini ya 4 katika kila 100. Ugonjwa ulikuwa uleule. Kilichowatenganisha ni mwili waliokuja nao. Hiyo ni karibu miaka 90 iliyopita, Tanganyika ikiwa bado chini ya Mwingereza, na mpaka leo mzee anatoka Rulenge kwenda kupasuliwa bila mtu yeyote kumuuliza kanga yake imeanza kumpwaya lini.

Watakaosema hayo ni mambo ya Wazungu wasome uchunguzi uliotolewa mwaka 2023, uliofuatilia wagonjwa 5,709 wa saratani ya tumbo na ya utumbo mpana waliopasuliwa katika nchi 75. Mmoja kati ya watatu alikuwa na utapiamlo mkali. Katika nchi maskini walikuwa zaidi ya nusu. Na wenye utapiamlo ndio walioongoza kwa kufa ndani ya siku 30. Miaka mitano kabla ya hapo, mwaka 2018, madaktari wa Afrika walikuwa wamechapisha hesabu ya wagonjwa 11,422 waliopasuliwa kwa magonjwa mbalimbali katika nchi 25 za bara hili. Wagonjwa wetu walikuwa vijana zaidi kuliko wa kwingineko, na hatari waliyoingia nayo ilikuwa ndogo, lakini walikufa mara mbili ya wastani wa dunia. Karibu wote waliokufa hawakufia mezani. Walifia wodini, siku za baada ya upasuaji, wakati mwili unapotakiwa kujisimamia wenyewe.

Hapo ndipo penye siri yote. Kupasuliwa ni kazi nzito kuliko kulima heka. Mwili unahitaji protini ya kuunga kidonda, ya kutengeneza askari wa kupambana na vijidudu, ya kuendesha moyo na mapafu. Mgonjwa hali vizuri siku hizo, kwa hiyo mwili unakwenda kuchota kwenye misuli. Misuli ndiyo ghala la mzee. Umri umeshapunguza kilichomo, saratani imeiba kingine, na sisi kwa kumlaza kitandani na kumlisha mihogo mitupu tumefagia hata punje zilizobaki sakafuni. Ukishamfungua tumbo mtu ambaye ghala lake ni tupu, kidonda hakifungi, utumbo uliounganishwa unavuja, misuli ya mbavu haina nguvu ya kukohoa, makohozi yanatuama kifuani na nimonia inaingia.

Tuangalie sahani yenyewe. Mama wa miaka sabini na ushei huko Nyakahura au Kabanga, aliyekutwa na saratani, anakula nini mchana? Ugali wa muhogo na mboga ya majani. Jioni ndizi za kupika au viazi vitamu, pamoja na chai ya rangi yenye sukari. Anashiba, hakuna anayebisha. Lakini ugali wa muhogo karibu hauna protini, ndizi vivyo hivyo, na mtu anayejiandaa kwa upasuaji anahitaji kati ya gramu 1.2 na 1.5 za protini kwa kila kilo ya mwili wake kila siku. Bibi wa kilo 50 anatakiwa apate gramu 60 hadi 75. Kwa sahani ile hafiki hata nusu. Wakati huohuo maharage yaliyotoka shambani kwake mwenyewe yamefungwa kwenye gunia yakisubiri mchuuzi, mayai ya kuku wake yanapelekwa dukani kubadilishwa na sabuni, na jogoo anatunzwa kwa ajili ya mgeni. Mgeni gani huyo mkubwa kuliko roho ya mama yako?

Hesabu ni nyepesi. Vikombe viwili vya maharage yaliyoiva vinatoa gramu kama 30. Mayai mawili, 12. Kikombe cha maziwa, 8. Konzi ndogo ya dagaa wakavu, gramu 20 tu kwenye mizani, inatoa 12 nyingine. Jumla ni 62, na bibi wa kilo 50 ameshavuka kiwango cha chini bila kopo hata moja la unga wa duka la dawa. Ongeza karanga kwenye kisamvu, na senene msimu wake ukifika, na kiwango kinapanda.

Utaniambia hana meno. Wengi hawana. Chukua dagaa, wachambue, toa vichwa na mchanga, wakaange bila mafuta kwenye kikaango kikavu mpaka wavunjike ukiwabana kwa vidole. Watwange kwenye kinu, chekecha kwa chujio la chai, weka kwenye kopo lenye mfuniko. Kijiko kimoja kwenye uji asubuhi, kimoja kwenye mchuzi wa maharage mchana, kimoja jioni. Maharage yapondwe. Yai lipigwe ndani ya uji unaochemka na kukorogwa haraka. Utaniambia hana hamu ya kula, nami nakuuliza kama umemwangalia mdomoni. Utando mweupe kwenye ulimi unatibika. Jino bovu linang'olewa. Choo kigumu kinalainishwa, maumivu yana dawa, na mtu asiyeweza kumaliza sahani moja kubwa anaweza kumaliza vikombe sita vidogo toka asubuhi mpaka usiku. Kama chakula hakipiti kooni, kwa saratani ya umio kwa mfano, msimlazimishe; arudi hospitali siku hiyohiyo ili itafutwe njia nyingine ya kumlisha.

Na acheni kuvumisha kwamba nyama na mayai vinalisha saratani. Nimelisikia neno hilo kwenye daladala, kwenye foleni ya hospitali na kwa wauza mitishamba, likisemwa kwa uhakika wa mtu aliyesoma. Uvimbe haungoji ruhusa ya jikoni. Mgonjwa akila asile, wenyewe unachukua chake kutoka kwenye misuli yake. Anayemnyima mgonjwa chakula anamdhoofisha mgonjwa, saratani anaiacha na nguvu zake.

Sasa kitanda. Kwetu mapenzi kwa mgonjwa huonyeshwa kwa kumpumzisha. Jana bibi alikuwa anapanda mlima na ndoo kichwani, milima ya Ngara ile inayowashinda vijana wa mjini. Leo majibu yametoka, na wajukuu wanamnyang'anya jembe, wanamletea maji ya kunawa kitandani, wanamwambia bibi pumzika, usijichoshe. Wanafanya hivyo kwa upendo, na upendo huo unamuumiza. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani waliwalaza kitandani wazee 11 wazima, wasio na ugonjwa, wenye wastani wa miaka 67. Siku 10 tu. Walipowapima walikuta kila mmoja, kwa wastani, amepoteza karibu kilo nzima ya nyama ya miguu. Hao walikuwa wazima na walikula vizuri. Sasa mfikirie mwenye saratani, aliyelazwa wiki sita akila muhogo.

Mrudishieni bibi mwendo. Jembe zito si lazima, lakini atembee kila siku, kwa kasi ambayo bado anaweza kuongea ila hawezi kuimba, dakika kumi za kwanza, kisha kumi na tano, kisha ishirini na zaidi kadiri anavyojisikia. Akibanwa kifua au akisikia kizunguzungu asimame, na daktari aambiwe. Nyumbani kuna kigoda. Akae, akunje mikono kifuani, asimame bila kushika kitu, akae tena. Mara tano. Baada ya siku chache mara nane, halafu kumi, asubuhi, mchana na jioni. Asiyeweza kusimama hata mara moja bila kushika ukuta ndiye anayehitaji zoezi hilo kuliko wote, na aanze na kiti kirefu zaidi huku mjukuu amesimama karibu. Mnamhurumia asichoke? Upasuaji utamchosha zaidi, na hautampa nafasi ya kujizoeza.

Kisha kuna pumzi, na hapa ndipo hasira yangu inapofika juu kabisa, kwa sababu hapa hakuna hata gharama ya yai. Mwaka 2018 wataalamu wa mazoezi tiba wa Australia na New Zealand, wakiongozwa na Ianthe Boden, walitoa matokeo ya wagonjwa 441 waliofanyiwa upasuaji mkubwa wa tumbo. Nusu yao walipewa kijitabu tu. Nusu nyingine, pamoja na kijitabu, waliketi na mtaalamu kwa dakika 30 mara moja kabla ya upasuaji, wakaelezwa nimonia inaingiaje na wakafundishwa kupumua kwa kina mara tu wazindukapo kutoka kwenye nusukaputi. Nusu saa ya maneno. Waliopata matatizo ya mapafu walishuka kutoka 27 katika kila 100 hadi 12. Hakukuwa na mashine wala dawa. Ni mtu aliyekaa na mgonjwa akamweleza.

Zoezi lenyewe linafundishika kwa Kiswahili na kwa Kihangaza, lugha ya Ngara: keti wima, vuta hewa taratibu kwa pua mpaka mbavu zifunguke, ishikilie kwa hesabu ya tatu, itoe taratibu kwa mdomo. Mara kumi, kisha pumzika. Jifunze kukohoa ukiwa umekumbatia mto tumboni, ili siku kidonda kitakapokuwepo usiogope kukohoa. Ni nesi gani asiyeweza kufundisha hivyo? Ni mhudumu gani wa zahanati? Mpaka leo wazee wetu wanaamshwa kutoka usingizi wa dawa wakiwa hawajui kwamba kukohoa ni ruhusa.

Kiko, sigara na gongo viwekwe chini siku majibu yanapotoka, angalau wiki nne kabla ya kisu. Damu ipimwe wingi wake mapema, kwenye hospitali za Murgwanza, Nyamiaga, Rulenge au Biharamulo, ili upungufu utibiwe kabla ya safari badala ya kugunduliwa Mwanza asubuhi ya upasuaji na kuwageuza ndugu kuwa watu wa kukimbizana na chupa za damu. Malaria itibiwe, kichocho kipimwe kwa wanaoishi karibu na ziwa, sukari na presha viangaliwe na dawa zake zisikatishwe. Haya yote yanafanyika wilayani. Hayahitaji hospitali ya kanda.

Kwa wiki nne tu ukifanya haya kwa pamoja, chakula, mazoezi, kuacha sigara na kumtuliza mgonjwa hofu, nini kinatokea? Mwaka 2023 madaktari wakiongozwa na wenzao wa Uholanzi walitoa jibu kwa wagonjwa 251 wa saratani ya utumbo mpana. Kwa waliopasuliwa bila maandalizi, karibu 30 katika kila 100 walipata matatizo makubwa. Kwa walioandaliwa, 17. Kampuni ya dawa ingekuwa na kidonge cha kufanya hivyo, kingetangazwa redioni kila asubuhi na kuuzwa kwa bei ya ng'ombe.

Nawageukia wenye koti jeupe, na nisieleweke vibaya: najua mnafanya kazi wachache kwa wengi. Lakini kuna mambo mawili yasiyo na utetezi. La kwanza ni njaa ya kuamriwa. Mzee analazwa, muuguzi anamwambia usile wala usinywe kitu kuanzia saa sita usiku. Anakaa hivyo mpaka saa kumi alasiri, midomo imekauka, kisha anaambiwa orodha imejaa, upasuaji ni kesho. Kesho yake anaanza upya. Nimewaona wazee wodini wakishinda hivyo siku mbili mfululizo, na chakula walicholetewa na ndugu kikipoa chini ya kitanda. Miongozo ya madaktari wa usingizi duniani iko wazi miaka mingi sasa: kwa mgonjwa wa kawaida, chakula kinasimamishwa saa sita kabla, na maji au chai isiyo na maziwa inaruhusiwa mpaka saa mbili kabla ya dawa ya usingizi. Hakuna mwongozo unaosema mzee akae saa kumi na sita bila tone la maji. Kama orodha imebadilika saa tatu asubuhi, aambiwe saa tatu asubuhi, na apewe uji hapohapo.

La pili ni kuhukumu kwa mwaka wa kuzaliwa. Daktari anatazama kadi, anaona 1948, anawaambia watoto mzee wenu umri umekwenda, mpelekeni nyumbani akapumzike. Amempima mwendo? Amemwona akiinuka kitini? Amemuuliza mwezi uliopita alikuwa anafanya nini? Yupo mzee wa miaka 78 anayepanda mlima kwenda kanisani kila Jumapili, na yupo wa 62 asiyeweza kuvuka ua. Hukumu itolewe kwa nguvu zilizopimwa, na nguvu zikionekana ndogo, zijengwe kwanza kwa wiki mbili tatu halafu apimwe tena. Kumrudisha mtu nyumbani kufa kwa sababu ya tarakimu kwenye kadi ni dhuluma iliyovaa heshima.

Wazee tunaowazungumzia ni akina nani? Ni wale waliokuwa watu wazima mwishoni mwa Aprili 1994, watu karibu robo milioni walipovuka daraja la Rusumo kwa takriban siku moja wakikimbia mauaji ya Rwanda. Mashamba ya Ngara yalikanyagwa, kuni zikaisha, maji yakagombaniwa, na watu wa hapa waligawana walichokuwa nacho kabla malori ya misaada hayajajipanga kwenye kambi ya Benako. Ni kizazi kilichozika watoto wake tangu Ukimwi ulipotambuliwa Kagera mwaka 1983, kikabaki na wajukuu mayatima, kikawalisha, kikawasomesha. Bibi mmoja alilisha midomo sita kwa jembe moja. Leo zamu imefika ya kumlisha yeye wiki nne, na tunatafuta fungu.

Fungu lipo, tatizo ni nani anahesabiwa. Kila halmashauri nchini imeagizwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano kwa ajili ya lishe, na wakuu wa mikoa wametia saini mikataba ya lishe wanayopimwa nayo. Sina ugomvi na hilo, watoto wa Kagera wanalihitaji. Lakini nionyesheni katika mikataba hiyo mstari wa mzee mgonjwa. Ofisa lishe wa wilaya ana utepe wa kupima mkono wa mtoto, na bibi aliyeketi benchi la nje akisubiri karatasi ya rufaa, mkono wake umebaki mfupa na ngozi, hakuna anayemzungushia chochote. Utepe wa fundi cherehani ungetosha. Mkono wa juu usiofika sentimita 24 kwa mtu mzima ni taarifa ambayo daktari wa upasuaji anatakiwa aisome kabla hajanoa kisu.

Ndiyo maana nadai jambo moja kwa halmashauri zote mbili, Ngara na Biharamulo, na linaanza bila senti. Karatasi ya rufaa ya mgonjwa wa saratani mwenye miaka 60 na zaidi isitoke hospitalini bila kuandikwa uzito wake wa leo na wa miezi sita iliyopita kwa kadiri anavyokumbuka, mzunguko wa mkono, wingi wa damu, na mara ngapi ameinuka kitini bila kushika kitu. Anayeshindwa vipimo hivyo, jina lake lipelekwe kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa kijiji chake. Serikali ilizindua mpango wa wahudumu hao Januari 2024 ikilenga wafike zaidi ya 137,000 nchi nzima katika miaka mitano. Wana miguu, wana simu, wanajua njia ya kila boma. Watumwe kwa bibi huyu mara moja kwa wiki: amekula nini, ametembea wapi, amepumua mara ngapi. Kwa kaya isiyo na kuku wala maharage, halmashauri inunue. Mayai ya wiki nne kwa mzee mmoja hayafiki posho ya kikao kimoja cha siku moja, na Ngara ni wilaya yenye nikeli ya Kabanga ardhini na umeme wa Rusumo mtoni. Zanzibar tangu Aprili 2016 inamlipa pensheni kila mzee wa miaka 70 na kuendelea, ikianza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Huku Bara mkulima mzee bado anahesabiwa kwa maneno: dirisha lake hospitalini, maandishi ukutani ya kumpisha kwanza. Apishwe kwanza aende wapi, na tumbo tupu?

Makanisa nayo yasikae kando. Murgwanza ni ya Waanglikana, Rulenge na Biharamulo ni za Wakatoliki. Waliojenga hospitali hizi ndio wanaokusanya watu kila Jumapili. Jumuiya ndogondogo zinajua nani anaumwa kabla hata ya mwenyekiti wa kitongoji. Zinakwenda kusali kwake, na zinakwenda mikono mitupu. Nendeni na trei la mayai, mkasali baada ya bibi kula. Na ninyi mnaomwandikia mgonjwa wa saratani mfungo wa siku saba kavu kabla ya upasuaji, komeni. Fungeni ninyi wenye afya kwa niaba yake. Muumini aliyepoteza kilo kumi hana cha kufunga.

Najua jibu linalokuja: saratani haingoji, mnataka tuchelewe. Sikusema tarehe isogezwe. Nimesema wiki zilizopo zitumike. Utumbo ukiziba au damu ikitoka kwa wingi, mtu apelekwe saa hiyohiyo, bila mjadala wa mayai. Kwa aliyekonda kupita kiasi, miongozo ya lishe ya Ulaya inaruhusu siku 7 hadi 14 za kumlisha kwanza hata kama upasuaji wa saratani utasogea kidogo, na uamuzi huo ni wa daktari wake. Wengine wote tayari wanasubiri. Wanasubiri majibu, nauli, kitanda. Juni 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya maji ya Ziwa Victoria, na foleni ya kivuko ikawa historia. Tulishangilia, na ilistahili. Mzee wa Biharamulo sasa anafika Mwanza mapema zaidi, akiwa na mkono uleule wa mfupa na ngozi.

Nimalizie na ninyi watoto mlioko Mwanza, Kahama, Dar es Salaam na kwingineko, mnaosubiri kupigiwa simu kwamba tarehe imepangwa ndipo mchange. Mnachanga ya nauli, ya kitanda, ya dawa, na wengine kimoyomoyo mmeshaweka ya jeneza. Tumeni leo, kabla tarehe haijapangwa, na mseme ni ya nini: dagaa kilo moja, trei moja la mayai kila wiki, maziwa ya jirani yalipiwe mwezi mzima, na maharage ya shambani yasiuzwe mpaka mama arudi kutoka Bugando. Halafu mpigeni simu kesho jioni, si kumuuliza anaumwaje, ameshachoka kulijibu hilo. Muulizeni leo amekula nini, amefika wapi kwa miguu, na kigodani ameinuka mara ngapi.